8:00 si saa nane

Shangazi yangu anaishi Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kwa miaka mingi siku yake ya kliniki ya sukari ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, kwa kuwa aliyechelewa kuvuka feri alikuta kadi za wenzake zimeshajaa dirishani. Hospitali anayotibiwa kisiwani ilipoanza kupokea miadi kwa mtandao nilifurahi kumliko yeye, nikamwandikisha kwa simu yangu nikiwa kazini, na jibu likaingia kwenye kabambe yake, simu ndogo ya vitufe: tarehe, jina la kliniki, na saa, "8:00".

Mjukuu wake alimsomea "nane", naye akajipanga kwenda saa nane mchana, ilhali 8:00 ya kompyuta ni saa mbili asubuhi. Kipimo chenyewe cha sukari alichoitiwa kinamtaka mgonjwa asile kwa saa zisizopungua 8. Basi alilala bila kula, akaamka bila kula, akafika saa saba unusu na mahamri yake mawili yamefungwa kwenye ncha ya leso, akaambiwa kuwa miadi imempita. Mgonjwa wa sukari anayetumia dawa akikaa na njaa kiasi hicho, sukari yaweza kushuka hadi akatetemeka na kutokwa na jasho. Muuguzi mmoja alimhurumia, akamtoboa kidole palepale, akatazama kipimo, kisha akamwamuru ale hayo mahamri mbele yake.

Tangu hapo, kila ninapomsindikiza huwauliza walioketi nasi kwenye benchi wanauonaje utaratibu huu. Wenye ajira huusifu, maana hawaombi tena ruhusa ya siku nzima ili tu kuchukua nambari. Lakini hata wao hulalamika kwamba watu wengi hupewa saa mbili ileile, kwa hiyo foleni iliyokuwa nje ya lango sasa imehamia mlangoni kwa daktari. Wazee wasio na simu za intaneti huenda saiba, duka la kompyuta zenye intaneti, na kulipa, na mmoja aliniambia kuwa ujumbe wake huenda kwa mwanawe aliyeko Nairobi, ambaye hukumbuka kumpigia jioni. Wengine walidhani kwamba kujisajili SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ndiko kupata miadi. Siwalaumu, yote mawili huitwa kusajiliwa.

Mimi bado nautetea mtandao, ila sioni sababu ya kulifunga dirisha la zamani wala ya kumwandikia bibi wa Likoni ujumbe wa Kiingereza wenye tarakimu tupu. Maneno "saa mbili asubuhi" hayahitaji mtambo mpya, yanahitaji mtu wa kuyaandika. Kwa sasa mtu huyo ni mimi: miadi ijayo nimemwandikia kwa kalamu nyuma ya kadi yake, kwa herufi kubwa, na shangazi ameniuliza kama daktari naye ameambiwa saa hiyohiyo.