Leo sokoni Majengo

Upepo huu mkavu wa Julai hapa Dodoma hauna huruma. Soriasisi, ugonjwa wangu wa ngozi na viungo, imenipasua viwiko, na asubuhi vidole vimevimba hadi binti yangu kanifunga vifungo vya shati.

Nikaenda kununua ubuyu. Muuzaji kaona magamba mkononi, chenji akaiweka mezani. Hakunipa mkononi.

Mama wa meza ya jirani akaniita, "Mwanangu, njoo."
Akaishika mikono yangu yote miwili.
Akatazama kucha zilizojaa vitobo vidogo vidogo.
"Inauma?"

Inauma, mama. Ila haiambukizi. Ni kinga ya mwili wangu mwenyewe inayoshambulia ngozi na viungo.

Nimeshazoea kuulizwa "umepata wapi?" Hilo swali la mama leo limenitoa machozi.

Wenzangu wenye hali hii, viungo vikikaza asubuhi mnafanyaje? Niandikieni.