Anzia uliposhuka

Jana jioni binti yangu alirudi na kazi ya shule: achore ramani ya njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni. Akajilaza kifudifudi sebuleni, penseli mdomoni, akauliza, "Mama, naanzia nyumbani au naanzia shule?"

Nikamjibu, "Anzia uliposhuka."

Akanitazama. Huwa hashuki popote, anakwenda kwa miguu, dakika kumi tu. Maneno yalinitoka yenyewe, na yalikuwa ya mtoto mwingine.

Ni yule wa Makoroboi, mtaa wa Mwanza mjini, mwaka 2013, nilipokuwa kwenye kituo cha kuwarudisha watoto wa mitaani kwao. Wanaonijua wameshanisikia nikimtaja. Jina silisemi, na hata ningetaka kulisema, mwenyewe alitutajia matatu. Wiki ya kwanza alikuwa mtoto wa Shinyanga, ya pili wa Bunda, ya tatu akawa na jina la tatu na hana kwao kabisa. Hatukumkaripia. Mtoto anayekutajia kijiji chake siku ya kwanza ama anakudanganya, ama ameshahojiwa na watu wengi mpaka majibu yamekuwa wimbo. Jina la kijiji ndilo litakalomrudisha asikotaka, kwa hiyo analificha kama anavyoficha sarafu zake kwenye pindo la kaptula. (Ndiyo maana siku ya kumwogesha nguo kuukuu hazitupwi. Zinafuliwa mbele ya macho yake na anarudishiwa. Kituo kimoja kilikuwa kinazichoma kwa sababu ya chawa, kisha kinashangaa watoto wanatoroka usiku uleule.)

Alikuwa ametoka kwenye gundi. Gundi ya viatu ina kemikali iitwayo toluini. Inapanda kichwani kwa sekunde, inaua njaa na baridi, na hiyo ndiyo kazi mtoto aliyoinunulia. Jambo ambalo wageni wa kazi hii hawalijui ni kwamba mtoto aliyetoka kuvuta hakimbizwi. Toluini inaufanya moyo uwe mwepesi kuvurugika, na hofu na mbio vikiongezeka juu yake mapigo yanaweza kupotea njia, akaanguka na kufa palepale, hata kama ni siku yake ya kwanza kuvuta. Ukimkuta na chupa kwenye mkono wa shati, unakaa chini mbali kidogo na unasubiri. Usiinyakue.

Siku za mwanzo bila gundi halali, kichwa kinamuuma, anatetemeka, anagombana hata na kijiko. Kumbukumbu nazo zinaruka: mvua ya mwaka juzi inakuwa ya jana. Kumhoji wakati huo ni kujaza fomu kwa hewa. Tulimwacha wiki tatu, ale kidogo kidogo mara nyingi, acheze mpira, alale. Ndipo nikaleta chaki.

Ramani tulichorea sakafuni. Karatasi inafanana na darasa, na aliyekimbia viboko vya darasani ukimpa karatasi anaumwa tumbo ghafla. Sakafu ni kubwa, haina mistari, na kosa linafutika kwa kiganja. Tena humkalii mbele kama hakimu. Unakaa ubavuni pake, wote wawili mnatazama chaki. Na huanzii nyumbani, maana nyumbani ndiko anakokuficha. Unaanzia kwenye kile anachojivunia: namna alivyofika mjini.

"Anzia uliposhuka," nikamwambia.

Akachora lori. Juu yake magunia, na juu ya magunia nukta moja. Nukta ndiyo yeye.

"Magunia ya nini?"

"Mkaa, anti."

"Kabla ya lori kufika hapa lilipita wapi?"

Akachora maji, mistari mingi ya mawimbi, na katikati yake kitu kama sinia, na juu ya sinia lile lori tena, na basi nyuma yake. Moyo wangu ukadunda, lakini uso niliuacha kama ulivyokuwa. Hilo nalo ni la kujifunza, kwani mtoto akiona umefurahi anagundua kwamba amekwisha kukupa kitu, na anafunga mdomo. Basi na lori juu ya chombo kimoja ni kivuko. Angetoka Ukerewe angekaa melini saa kadhaa na angenisimulia kutapika. Angevukia Kamanga angeshukia katikati ya mji, asingehitaji barabara nyingine ndefu baada ya maji, na yeye alikuwa ameichora, ndefu, na mawe makubwa pembeni. Kilichobaki ni kivuko cha Kigongo na Busisi. Kwa hiyo kwao ni ng'ambo, Sengerema au Geita huko.

Kuanzia hapo huulizi jina la mahali hata mara moja. Unauliza vitu ambavyo mtoto hajui kwamba ni anwani.

"Asubuhi ukienda shule, jua lilikuwa usoni au mgongoni?"

Akafikiri, akashika sikio la kushoto. "Hapa."

Shule iko kusini mwa nyumba. Nikaandika kiganjani.

"Gulio lenu siku gani?" Alhamisi. "Mnachota wapi?" Lambo, na kiangazi kikizidi, kisima cha pampu cha zahanati. "Kamanda wa sungusungu ni baba yake nani?" Hapo akacheka, akanitajia mtu na jina lake la utani, ambalo siwezi kuliandika hapa. Mwalimu mkuu hakumjua kwa jina, alimjua kwa pikipiki: nyekundu, haina taa ya nyuma. Mnara wa simu usiku unaonekana taa mbili, ya chini imekufa.

Alichora kama saa nzima, akipiga magoti, akirudi nyuma kinyumenyume asikanyage kazi yake. Shule ina milango minne na alichora yote minne. Zahanati ina mlango. Duka lina mlango na kidirisha. Kisha mwembe, kisha nyumba ya nyasi yenye mlango mkubwa kupita nyumba yenyewe, na mbele ya mlango kuku watatu, na nyuma choo. Choo nacho kikapewa mlango wake wa gunia, akauchorea mikunjo.

"Hapa kwa nani?"

"Kwa bibi."

Akanyamaza. Kisha pembeni ya nyumba ya bibi, akivuka njia, akachora mraba. Mistari minne tu.

"Na hapa?"

"Hapo pa mama."

Hakuweka mlango. Chaki ilikuwa imebaki kipande kama punje ya kunde, vidole vyake vilikuwa vyeupe, na kengele ya chakula ilikuwa imelia. Niliona mtoto amechoka. Nikaandika: nyumba ya mama, mkabala na ya bibi, kushoto kwa njia. Nikaupiga picha ule mraba kwa simu, nikafurahi kweli kweli, na hiyo furaha bado naionea aibu.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Siku za magulio hatukuziuliza ofisini, tuliziuliza stendi ya Nyegezi, kwa makondakta, maana wao wanajua ni Alhamisi ipi gari linajaa kuku. Tukapata majina matatu ya ng'ambo. Simu kwa watendaji wa vijiji, moja haikupokelewa kamwe, moja wakasema mnara hawana, ya tatu tukauliza habari ya pikipiki nyekundu na mtendaji akacheka.

Mwenzangu akatangulia peke yake, kama inavyotakiwa; safari ya kwanza mtoto haendi. Akamkuta mama, mama akalia kwa furaha. Akamkuta baba wa kambo, mpole, akamletea kiti. Fomu ya tathmini ikajazwa: watoto wangapi, wanalala wapi, wanakula mara ngapi. Kosa la kwanza lilikuwa hapo. Mama alihojiwa mumewe akiwa amekaa palepale. Fomu haina nafasi ya kuandika kwamba kabla ya kila jibu mama alitazama pembeni. Unatakiwa umtoe mama, mwende mkachote maji pamoja, na mazungumzo yenyewe yafanyikie njiani. Na bibi, hatua ishirini kutoka pale, hakuulizwa kitu. Alikuwa shambani.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ana haki ya kuishi na wazazi wake, ila pale itakapothibitika kwamba kuishi nao kutamdhuru. Sheria hiyohiyo inampa haki ya kutoa maoni yake kwa mambo yanayomhusu. Tulimuuliza maoni. "Unataka kurudi nyumbani?" Akasema ndiyo, tena haraka. Neno "nyumbani" tulilijaza sisi.

Tukampeleka. Barua ya ustawi wa jamii wa huku kwenda kwa wa kule, sahihi ya mtendaji, mwenyekiti wa kitongoji shahidi. Tukafika na gari lenye maandishi ubavuni, kijiji kizima kikajaa. Tulikuwa tumemvalisha nguo mpya na viatu, na hilo lilikuwa kosa la pili, la kijinga zaidi, kwa sababu wadogo zake walisimama miguu mitupu wakitazama viatu, wakijifunza kwamba mjini ndiko viatu viliko.

Siku ya tisa alikuwa Makoroboi. Hana viatu. Nilimkuta amekaa juu ya ngazi, akasema tu, "Nimemwachia mdogo wangu." Sikuuliza zaidi.

Usiku huo nikafungua ile picha kwenye simu.

Mara ya pili tulikwenda kwa basi, bila kuvaa fulana za kazi, na tulianzia kwa bibi. Alitukaribisha vigoda, akatuambia kwa maneno machache kile ambacho mkanda wa baba wa kambo ulikuwa unafanya usiku, na kwamba mtoto alikuwa analala kwake tangu ana miaka sita, mpaka alipofuatwa kwa nguvu arudi upande wa pili wa njia akachunge ng'ombe. Kumweka kwa bibi ilikuwa kazi ya miezi miwili. Afisa ustawi ilibidi amkague na kumkubali kama mlezi, mama aridhie akiwa peke yake, baba wa kambo aitwe mbele ya mwenyekiti, aelezwe mpaka wake. Hatukumpa bibi pesa, kwani pesa ya makabidhiano huisha na ugomvi wake hubaki. Tulipeleka gunia la mahindi, majembe mawili, na madaftari ya watoto wote wa nyumba zote mbili, ili yule mmoja asiwe mtoto wa wafadhili. Shule ilikuwa inadai michango ya nyuma, ya mlinzi na ya dawati, tukailipa. Elimu bila malipo ilikuwa bado, ilikuja kuanza Januari 2016.

Kisha ufuatiliaji: wiki ya pili, mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili. Bila taarifa. Humuulizi mtoto kama anakwenda shule, unaomba daftari la mahudhurio na kuhesabu mwenyewe. Huulizi analala wapi, unatazama mkeka wake umeanikwa wapi. Unatazama na mbwa. Mara ya kwanza mbwa wa bibi alimbwekea mtoto pamoja na sisi. Mwezi wa tatu alitubwekea sisi tu.

Mwaka ulipoisha faili likafungwa. Fomu ilikuwa na visanduku viwili, ameunganishwa na ametoroka. Nikaweka alama kwenye cha kwanza, mkono ukiwa mwepesi kuliko ilivyostahili. Bibi alikuwa mzee.

Mara ya mwisho nilimwona 2018, Busisi, kwenye foleni ya kivuko, ndoo ya mayai ya kuchemsha kichwani na kikopo cha kachumbari mkononi. Mrefu. Akaninyooshea yai dirishani kabla hajanitambua. "Bibi?" nikauliza. Akasema bibi alishapumzika, mwaka uliopita. Analala wapi? Akaonyesha kwa kidevu, upande wa vibanda. Shule? Akacheka, akanikatalia pesa ya yai. Kivuko kikaita magari, tukaingia. Kile si kisanduku cha kwanza wala cha pili, na sina hakika kama ni kibaya. Alikuwa na ndoo yake na wateja wake.

Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi likafunguliwa. Nimeshapita juu yake. Gari halisimami tena, dakika chache umeshavuka, na pale palipokuwa na foleni hapana mtu wa kuuziwa yai. Nilitazama dirishani hata hivyo.

Binti yangu amemaliza ramani yake. Barabara, kanisa, duka la Mama Nani, shule yenye bendera. Nyumba yetu ameipa madirisha matatu na pazia kila moja. Mlango hakuna. Nikamuuliza, kwa sauti niliyodhani ni ya kawaida, mbona hajaweka mlango.

"Mama," akasema, "mlango si uko upande wa pili?"