Paka wa Mji wa Kale, wiki ya 7: P17 imepita jaribio la tindikali

Natafuta viuavijasumu vipya kwenye ngozi za paka wa Mji wa Kale, Mombasa; P17 ni bakteria niliyempata kwa mmoja wao. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha kuwa Staphylococcus felis, bakteria anayeishi kwenye ngozi ya paka, hutoa kemikali zinazoua Staphylococcus pseudintermedius, bakteria wa ngozi ya mbwa, aliye sugu kwa dawa. Nikajiuliza, paka wetu je? Kazini napima usaha wa wagonjwa, na kila mara napata sahani ambayo vidonge vya karatasi vyenye dawa, vinne au vitano, havitoi duara hata moja, yaani eneo tupu ambalo dawa imezuia bakteria kuota.

Wiki sita zimeishia kwenye pamba za vijiti: nyuma ya sikio na chini ya kidevu, paka 11, wengi wao wa soko la samaki. (Mmoja alinikwaruza. Niliosha mkono kwa sabuni dakika 15, nikaenda kuchanjwa kichaa cha mbwa. Hilo si la kupuuza.)

Nilipata koloni 40, yaani vifungu vya bakteria vilivyoota. Nikazipandikiza moja moja kwenye agari (chakula cha bakteria kilichoganda kwenye sahani) iliyopakwa Staphylococcus aureus, bakteria anayetia usaha vidonda vya watu, aina ya ATCC 25923, ile maabara nyingi huitumia kuhakiki vipimo vya dawa. 36 hazikufanya lolote, tatu zikatoa duara hafifu tu. P17, ya paka jike mwenye sikio lililochanika, ilizungukwa na duara angavu la milimita 9, kama tone la mafuta kwenye karatasi.

Lakini duara peke yake si dawa. Staphylococcus wakila sukari hutoa tindikali, na tindikali nayo huzuia jirani kuota. Kwa hiyo nilizungusha mchuzi ambamo P17 ameota kwenye sentrifuji (mashine inayotenganisha bakteria na maji), nikauchuja, nikaondoa utindikali kwa kurudisha pH hadi 7, nikaugawa mara tatu. Wa kwanza niliuacha ulivyo: duara lipo, limepungua kidogo. Wa pili niliuchemsha dakika 10: lipo. Wa tatu niliutia proteinesi K, kimeng'enya kinachokatakata protini: limetoweka, S. aureus wameota hadi ukingoni. Nikarudia kesho yake. Vilevile.

Basi ni kitu cha jamii ya protini, yaelekea peptidi fupi (kipande kidogo cha protini), maana moto, unaoharibu protini nyingi kubwa, haukuiharibu.

Linaloninyima usingizi sasa ni jingine. Peptidi nyingi za namna hii hutoboa utando wa bakteria, na baadhi hutoboa hata chembe nyekundu za damu. Ikiwa hivyo, haitafaa kupakwa kidonda cha mtu. Leo nimeipandikiza P17 kwenye agari ya damu ya kondoo, nione kama chembe hizo zitapasuka. Nafungua inkubeta, kabati la joto la kuoteshea bakteria, kesho saa mbili asubuhi.