Namna Nilivyoweza Kuichora Mitaa ya Lamu

Anayechora mandhari ya mji huhitaji mahali pa kurudi nyuma ili aione nyumba nzima, na katika Mji wa Kale wa Lamu mahali hapo ni adimu. Vichochoro vya Mkomani, mtaa mmojawapo wa mji huo, ni vyembamba, punda wenye mizigo hupishana kwa taabu, na kuta za ghorofa mbili au tatu zimesimama pande zote mbili. Ndiyo maana wengi wetu huishia ufukoni kuchora majahazi, ambayo wageni huyanunua upesi. Mimi niliutaka mji wenyewe: madaka, yaani vibaraza vya mlangoni, milango ya nakshi, na mawikio yanayounganisha nyumba juu ya vichwa vya wapita njia.

Njia niliipata nilipojifunza maisha ya mchoraji Camille Pissarro, aliyezaliwa mwaka 1830 katika kisiwa cha Saint Thomas, bahari ya Karibi, akafanya kazi yake kubwa Ufaransa. Uzeeni alisumbuliwa na ugonjwa wa jicho, upepo na vumbi vikamzuia kuchora nje. Mwaka 1897 alipanga chumba cha hoteli jijini Paris na kutoka dirishani akaichora barabara ya Montmartre mara 14, asubuhi, mchana, katika mvua na hata usiku. Mahali hapakubadilika, kilichobadilika ni mwanga na watu. Nilivutiwa zaidi na umati wake, kwa kuwa kila mtu ni mguso mmoja au miwili tu ya brashi, na bado unamtambua anayeharakisha na anayetembea taratibu.

Basi nikaanza kutafuta dirisha. Nilimwendea bibi mmoja mwenye nyumba ya ghorofa, nikamwamkia na kumweleza haja yangu bila kuificha, kwa kuwa dirisha la juu huona mengi na watu wa Lamu huitunza sana stara ya nyumba zao. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, njia ni ya watu wote, lakini usitie sura ya mtu asiyejua kuwa anachorwa, wala usitazame ndani ya nyua za watu." Nilikubali kwa moyo wote, na sharti lake likanisogeza karibu zaidi na Pissarro, kwa maana kanzu ikawa mguso mweupe, buibui mguso mweusi, na mwendo wa mtu ukachukua nafasi ya uso wake.

Kazi kubwa ilikuwa kivuli. Jua huingia kichochoroni kwa muda mfupi karibu na adhuhuri, na saa nyingine zote ukuta huangazwa na ukuta wa mbele yake pamoja na ule ukanda wa mbingu ulio juu. Ukichanganya nyeusi na nyeupe, ukuta hufa. Mimi huanza na nyeupe, nikaongeza manjano ya udongo na samawati kidogo sana. Kisha sehemu ya juu naizidishia samawati, na sehemu ya chini, ambako chokaa imebanduka na mawe ya matumbawe yanaonekana, naizidishia manjano, kwa sababu hapo ndipo mwanga unaorudishwa na ardhi hugusa. Boriti za mikoko zilizo chini ya wikio nazichora mwisho, kwa kahawia nzito, nazo ndizo zinazokipa kichochoro kina.

Picha za kwanza hazikununuliwa na wageni. Aliyenunua ni mwalimu mmoja aliyelitambua daka la nyumba ya shangazi yake, na kwangu mimi hakuna sifa iliyo kubwa kuliko hiyo. Sasa nimeomba nafasi upande wa Langoni, ambako nyumba nyingi ni za chini kuliko zile za Mkomani na mbingu huonekana kwa upana zaidi, kwa hiyo mchanganyiko wangu wa kivuli utabidi uanzwe upya. Mwenye nyumba amekwisha kunikubalia, na kazi nitaianza masika yakipita, karatasi zisije zikalowa unyevu.