Siku moja maishani mwangu: kompyuta pepe moja kwa darasa zima

Saa 1:15 asubuhi. Nafungua maabara. Mimi ni fundi wa maabara ya kompyuta katika chuo cha kati hapa Dar es Salaam, na wiki ijayo mwaka wa kwanza wanaanza lugha za programu za C na Python. Leo naandaa kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta halisi, watakayotumia muhula mzima. Laptop zao ni za kila namna: Windows 10, Windows 11, nyingine za mtumba zenye RAM ya GB 4. Kipindi cha kwanza kikiishia kwenye kusakinisha kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa kitu kompyuta inachoweza kuendesha), anayeachwa nyuma ni yule ambaye hajawahi kuwa na kompyuta nyumbani. Anatoka darasani akiamini programu hazimfai, kumbe ni mashine yake tu haijapangwa. Hilo linaniuma, ndiyo maana nataka wote waanzie mahali pamoja.

Saa 1:40. Nakagua faili la Debian 12, mfumo endeshi wa Linux, nililopakua jana. Naandika `sha256sum`, amri inayotoa alama ya kipekee ya faili, nalinganisha na orodha ya Debian wenyewe, inalingana: faili halijaharibika. Siiruki hatua hii hata siku moja.

Saa 2:00. Ndani ya VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta pepe, naunda mashine mpya: RAM GB 2, prosesa mbili, diski ya GB 20 inayokua kadiri inavyojazwa. Kwa laptop ya GB 4, kuchota GB 2 ni kuinyima Windows pumzi, kwa hiyo hizo nitazitengenezea mashine ya GB 1 isiyo na madirisha, terminali peke yake. Hii ya leo inapata madirisha ya XFCE, ambayo ni mepesi. Programu ya kusakinisha ikiuliza nenosiri la root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, naacha wazi. Debian yenyewe inampa mtumiaji wa kwanza ruhusa ya sudo, yaani kutoa amri kama msimamizi. Huyo mtumiaji namwita `mwanafunzi`.

Saa 3:30. Sasa vifaa vya kazi: `build-essential` (kompaila na wenzake), `gdb` (ya kusaka makosa), `git` (ya kutunza matoleo ya msimbo), `python3-venv` (ya mazingira ya Python). Debian 12 inakuja na kompaila ya gcc 12 na Python 3.11, na kila mwanafunzi atakuwa na hizohizo, kwa hiyo kosa likitokea kwa mmoja naweza kulirudia mbele ya wote.

Upande wa Python kuna jambo litakalowasumbua. Ukiandika `pip install`, amri ya kuongeza vifurushi vya Python, moja kwa moja, Debian 12 inakataa na kuleta ujumbe wa `externally-managed-environment`. Inafanya hivyo kulinda Python ambayo mfumo wenyewe unaitegemea. Mtandaoni utaona watu wakishauri `--break-system-packages`, na jina lenyewe limeshakuonya. Njia ninayofundisha ni kutengeneza mazingira ya pembeni kwa `python3 -m venv kazi`, kuyaingia kwa `source kazi/bin/activate`, na pip inafanya kazi humo bila kugusa kitu kingine.

Saa 5:00. Guest Additions, nyongeza za VirtualBox zinazowekwa ndani ya kompyuta pepe, ili dirisha litanuke na folda ya pamoja na Windows ionekane. Mtumiaji asipoingizwa kwenye kundi la `vboxsf`, folda anaiona ila hawezi kuifungua.

Saa 7:00 mchana. Wali maharage, na narudi.

Saa 8:00 mchana. Wanafunzi wachache wamejitolea laptop zao kwa majaribio. Ya kwanza inagoma kabisa: VT-x, uwezo wa prosesa wa kusaidia kompyuta pepe, imezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta). Intel walianza kuiweka mwaka 2005 na AMD wakafuata na ya kwao mwaka 2006, kwa hiyo karibu kila laptop inayoingia hapa inayo, ila nyingi huja imefungwa. Tunaiwasha, inakwenda.

"Mwalimu, yangu inajikokota, halafu kuna kobe hapa chini."

"Hebu nione, mdogo wangu."

Kobe wa kijani maana yake Hyper-V, mfumo wa Windows wenyewe wa kompyuta pepe, imeshatangulia kukalia prosesa, na VirtualBox inapitia mgongoni mwake. Inaweza kuzimwa, lakini baadhi ya ulinzi wa Windows unaitegemea. Namweleza faida na hasara, achague mwenyewe. Ameamua kuiacha, na kwa programu ndogo za C kasi hiyo inamtosha.

Mwenye MacBook ya chipu ya M1 ni habari nyingine. Mashine yangu ni ya amd64, yaani prosesa za aina ya Intel na AMD, kwake haifai. Namwandalia Debian ya arm64, aina ya prosesa ya M1, ndani ya UTM, programu ya kompyuta pepe ya Mac.

Saa 10:00 jioni. Hapa ndipo napapenda kuliko pote. Napiga snapshoti, yaani nahifadhi hali ya mashine ilivyo sasa, kisha namwambia binti mmoja aandike `sudo rm -rf /etc`, amri inayofuta folda ya mipangilio yote ya mfumo.

"Kweli, mwalimu?"

"Kweli. Ila uhakikishe uko ndani ya dirisha hili."

Anaandika. Mfumo unavurugika, anaizima. Narudisha snapshoti, naiwasha, kila kitu kipo. Anaomba kurudia mwenyewe, safari hii anafuta `/usr`, folda yenye programu za mfumo, na wenzake wanasogea kutazama. Wazo lenyewe ni la zamani: katikati ya miaka ya 1960 wahandisi wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, waliigawa kompyuta kubwa moja ili kila mtumiaji aone ana ya kwake. Mwaka 1972 kampuni ikaitoa kazi hiyo kwa wateja kwa jina la VM/370. Leo binti wa mwaka wa kwanza anavunja na kujenga upya mashine nzima bila kumwogopa mtu, juu ya laptop ya kuazima.

Saa 11:30 jioni. `sudo apt clean` kuondoa mabaki ya usakinishaji, nafuta historia ya amri, naitoa mashine nzima kama faili moja la OVA la kugawia wanafunzi. Snapshoti hazisafiri ndani ya OVA, kwa hiyo naandika ubaoni kwa herufi kubwa: UKISHAINGIZA MASHINE, PIGA SNAPSHOTI KWANZA. Flashi zilizofomatiwa kwa mpangilio wa FAT32 hazipokei faili linalofika GB 4, hivyo zote nazifomati kwa exFAT, usio na kikomo hicho, kabla ya kunakili. Kesho asubuhi ni zamu ya zile laptop za GB 4.