Witcher 3 ilijifunga kila nikibonyeza "endelea"

Kwenye kibanda cha gemu hapa Mwanga, Kigoma, umeme ulikatika wakati gemu ya The Witcher 3 inasevu (inahifadhi nilipofikia). Usikimbilie kupakua gemu upya: ni zaidi ya GB 35, na kwa bei hizi za bando!

Kwanza nilizima usawazishaji wa wingu la Steam (duka la gemu linalotunza nakala za sevu mtandaoni), la sivyo faili bovu hurudi. Nikafungua Documents, The Witcher 3, kisha gamesaves. Kila sevu ina faili mbili za jina moja, .sav na .png ya picha. Kwa kupanga kwa tarehe, .sav ya mwisho ilionekana ina KB 0. Nikazihamisha zote mbili, bila kufuta. Sevu ya nyuma yake ikafunguka vizuri.

Kumbuka kusevu kwa mkono kabla ya kumvaa grifini, zimwi lenye mabawa la kwenye gemu. Pambano likianza, gemu haitakuruhusu kusevu.