Kulipa serikali ni rahisi, kuisemesha ndio kazi

Siku hizi nimekuwa nikisoma soma tafiti za hawa watu wanaochunguza huduma za serikali za mtandaoni na vile wananchi wanavyoshirikishwa huko huko, na kadiri ninavyosoma ndio naona sisi Kenya tumejengewa bomba la kwenda upande mmoja. Pesa inapita vizuri sana. Neno linakwama.

Sifa kwanza, maana zipo. eCitizen, jukwaa la mtandaoni la huduma za serikali, ilianza 2014, na mwisho wa Juni 2023 Rais Ruto akatangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimepandishwa huko, pasipoti, leseni ya udereva, cheti cha tabia njema, kusajili biashara, zote kwa akaunti moja na namba moja ya kulipia kwa simu, paybill ile ya 222222. Mwezi mmoja baadaye mtandao ukashambuliwa, kundi linalojiita Anonymous Sudan likajitangaza kuwa ndio wao, watu wakakwama hadi tiketi za treni ya SGR. Lakini hata hivyo, nani anataka kurudi kwenye foleni ya alfajiri na bahasha ya khaki kwapani? Mimi sitaki.

Ila hizo picha za matangazo za mtu ametulia kwenye sofa akilipia leseni kwa simu, hapa kwetu Mombasa mambo si hivyo kwa kila mtu. Wazee wengi ninaowajua wanapita kwa saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti. Kijana wa saiba ndiye anafungua akaunti, ndiye anajaza fomu, ndiye anachagua paswodi na kuiandika kwa daftari, na ukimpa mia yake kazi imeisha. Kwa hiyo kuna kijana mmoja mtaani ana paswodi za nusu ya mtaa, na yeye ndiye serikali ya kidijitali ukitaka kusema ukweli. Simlaumu, bila yeye wengi wangekuwa wameachwa nje kabisa.

Sasa tuje kwa upande wa pili, kusema na kusikizwa.

Mfano ninaoupenda, au tuseme ulionikaa kichwani, ni wa Tanzania. Mwaka 2010 shirika moja linaitwa Daraja lilianzisha kitu kinaitwa Maji Matone, wazo zuri kabisa: kisima au bomba la kijiji likiharibika unatuma SMS, ujumbe unamfikia mhandisi wa maji wa wilaya na pia unapelekwa kwa vyombo vya habari ili asikalie. Walitarajia meseji 3,000. Miezi sita ya majaribio zikaja 53. Hamsini na tatu! Na visima vibovu vilikuwa vimejaa. Kumbe mtandao wa simu vijijini ni shida, kumbe anayechota maji ni mama na watoto na simu iko kwa baba, kumbe watu wanaogopa kuonekana wanamshtaki mkubwa, na zaidi ya yote hawakuamini kuna mtu upande ule atafanya kitu. Mtu ameripoti mara ngapi kwa mdomo bila kujibiwa, leo SMS itabadilisha nini? Nawaheshimu Daraja kwa sababu walifunga mradi na kusema hadharani umefeli na kwa nini, na mashirika yetu mengi hayana hiyo roho, ripoti zao kila kitu kimefaulu tu.

Mwaka 2016 watafiti wawili, Tiago Peixoto na Jonathan Fox, wakachukua majukwaa 23 ya namna hii kutoka nchi mbalimbali wakauliza swali rahisi: wananchi wakisema mtandaoni, serikali inajibu? Mara nyingi hapana. Kati ya yaliyofanya vizuri kuna MajiVoice ya hapa kwetu, ya malalamiko ya maji. Na haina uchawi wowote, ukilalamika unapewa namba, lalamiko linabaki wazi kwenye mfumo mpaka lishughulikiwe, na mabosi wanaona nani amekalia nini. Yaani kuna mtu ana jina na kazi yake ni kufunga hilo lalamiko. Basi.

Ukishaelewa hiyo, Bunge letu utalielewa pia. Katiba ya 2010 Kifungu cha 118 inasema Bunge lazima lishirikishe umma, sawa, na kila mwaka Mswada wa Fedha, ule wa kodi, ukija tunaambiwa tutume maoni kwa imeili ya karani wa Bunge. Unatuma. Halafu? Kimya. Hiyo kimya ilifika hadi kortini: Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ikaifuta Sheria ya Fedha ya 2023, sababu moja ikiwa kwamba Bunge halikueleza kwa nini lilichukua maoni haya na kuyatupa yale. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikapindua hukumu, ikasema hakuna sheria inayolazimisha Bunge kutoa sababu hizo. Ni hukumu na tunaiheshimu lakini mimi hapo ndipo naona bomba limezibwa, kwa sababu maoni bila jibu hayana tofauti na meseji 53 za Maji Matone.

Na katikati ya kesi hizo tulikuwa na Juni 2024. Vijana walichukua Mswada wa Fedha wa 2024 wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha za nyumbani, wakaueleza kwa TikTok kifungu kwa kifungu, wakatengeneza hadi chatbot, programu za kujibu maswali kuuhusu, kisha wakaingia barabarani kuandamana, na tarehe 26 Rais akakataa kuutia sahihi, baada ya watu kufa. Ushirikishwaji mkubwa kabisa wa mtandaoni tuliowahi kuona, na hakuna hata jukwaa moja la serikali lililohusika.

Mwaka uliofuata ndio ulinichosha. Rose Njeri, mtengenezaji wa programu, alitengeneza tovuti ndogo tu: inakuonyesha vifungu vyenye shida kwenye Mswada wa Fedha wa 2025, unabonyeza, imeili ya pingamizi inaenda Bungeni. Kitu ambacho Bunge lenyewe lilipaswa kuwa nacho. Mei 30 akakamatwa, akalala seli wikendi nzima ya Madaraka, kisha akashtakiwa chini ya sheria ya makosa ya mtandaoni ya 2018 eti ameingilia mfumo wa kompyuta. Yaani tunaombwa maoni, maoni yakija mengi yanakuwa uhalifu. Bahati nzuri Juni 20 korti ikaitupilia mbali hiyo kesi, haikuona kosa hapo. Na kile kifungu cha mswada huo cha kuwapa KRA, watoza kodi wetu, ruhusa ya kuchungulia data za watu, Kamati ya Fedha ikakiondoa.

Watu wakisikia Estonia wanafikiria teknolojia ya ajabu, lakini cha kuiga kule kwangu ni hiki: ukikusanya sahihi 1,000 kwenye jukwaa lao linaitwa Rahvaalgatus, bunge linalazimika kisheria kulishughulikia ombi lako. Unasaini kwa kitambulisho kile kile cha kidijitali unachotumia kwa huduma nyingine.

Sisi akaunti tunazo tayari. eCitizen inajua jina langu, namba yangu ya kitambulisho, na nikilipa, risiti inaingia kwa simu kabla sijaweka simu mfukoni. Nataka risiti ya maoni tu. Namba ya kufuatilia, jina la ofisi iliyopokea, na mistari miwili ya kusema tumekubali au tumekataa kwa sababu hii.

Mswada ujao lazima ufike Bungeni kabla ya Aprili kuisha kama kawaida, mimi nitatuma tena. Na kama wewe umewahi kutuma maoni ukajibiwa kitu chochote, hata kama ni matusi, niandikie hapo chini maana nakusanya.